Bwana Pembe wa Kichuguuni

Kikima, 5 Februari 1978

Mpwa wangu Kavata,

Mimi mjomba wako ni mzima, na viatu vyangu ni vizima pia isipokuwa kile cha kushoto. Barua ya mama yako ilinifikia juzi. Anasema tangu tulipomzika baba yako Desemba, jua likianza kushuka wewe unamshika leso mpaka anashindwa kupika. Ati unaogopa naye ataenda kazini asubuhi arudishwe ndani ya sanduku, kama baba alivyorudishwa kutoka machimboni. Mwanangu, hata mimi mtu mzima na ndevu zangu nimeogopa hivyo. Sikucheki.

Sasa sikiliza. Unajua nafanya kazi na Mjapani, Bwana Ishida, anayepima mahali pa kujenga bwawa huku milimani. Yeye anachungulia kwenye darubini, mimi nasimama kule mbali kwenye miiba nimeshika fimbo ya namba kama mwendawazimu. Tukipumzika hunionyesha kitabu cha kwao. Mbele ya nyumba zao za maombi wamekaa wanyama wa mawe, si simba si mbwa, macho yamewatoka, kazi yao kulinda mlango. Kuna mwingine ana pembe moja na anajua mtu mbaya. Kuna mwingine anakula ndoto za kutisha, kila siku, hashibi.

Nikamwambia Bwana Ishida, sisi tutawachanganya. Nimechukua gogo la jakaranda, nikachonga wiki mbili. Manyoya ya shingo ni ya wale wa kwao. Masikio ni ya pimbi wa huku kwetu. Mgongo nimempa wa kobe, apigwe asisikie. Pembe ni moja, na mdomo uko wazi. Nimempaka rangi ya viatu akang'aa. Anakuja kwa mkono wa dereva wa lori la maharagwe.

Wa kwao hawawekwi chini, wanakaa juu ya jiwe waone mbali. Huko kwenu tambarare mawe hakuna, ila nakumbuka kile kichuguu kikubwa pale thome, baba yako alipokuwa akiota moto na wageni wake. Mweke pale juu. Jua likianza kutua nenda ukae naye, umweleze lililokutisha siku hiyo. Yeye chakula chake ni hofu. Lakini umpelekee mwenyewe kila jioni, usikose hata siku moja, asije akalala njaa.

Mjomba wako,
Muthama


Kanyangi, 26 Februari 1978

Kwa Mjomba Muthama,

Shikamoo mjomba. Amefika! Dereva alimficha chini ya kiti ati alikuwa anamtazama vibaya. Nimempa jina Bwana Pembe. Mama alishtuka akasema wamama wa kanisa watasema nini, halafu akasema basi, ni mti tu.

Nakaa naye kila jioni kwenye kile kiti cha baba. Mwanzoni niliona haya kuongea na mti. Sasa namwambia mambo mengi mpaka mama ananiita chakula kinapoa.

Mjomba, hofu haionekani, sasa yeye anakula nini? Mimi nimepata njia. Kila hofu naiweka ndani ya kitu. Ile ya baba nimeiweka kwenye kifungo cha shati lake la bluu. Ile ya mama nimeiweka kwenye nywele zake, nilizitoa kwenye kitana. Niling'oka jino nikaota nimebaki kibogoyo, nikampa na jino. Nafunga kwa kitambaa chekundu nasukuma ndani ya shimo la kichuguu kwa kijiti. Kesho yake nikichungulia hakuna kitu. Amemeza! Usimwambie mama, atasema nacheza na nywele zake. Ni siri yako na yangu.

Shida ni Bibi Mbula, jirani yetu wa ng'ambo ya ua. Akirudi na mbuzi jioni akiniona ananipigia kelele. "We mtoto, toka hapo! Hicho kitu kitakuua kama kilivyowamaliza wangu!" Jana alinitupia kijiti. Ana macho mekundu mjomba, namwogopa. Hata hofu yake nimeitia kwenye kitambaa.

Pia kuna vijidudu vidogo vinaniuma miguu pale, huvisikii vikija. Lakini sasa nalala mpaka asubuhi. Uliza mama.

Mimi,
Kavata Musembi, darasa la nne


Kikima, 12 Machi 1978

Kavata wangu,

Barua yako nimeisoma mara nne, na moja nilimsomea Bwana Ishida kwa Kiingereza changu cha kuvunjika. Alicheka mpaka akafuta miwani. Anasema hata huko kwao hakuna mtoto aliyegundua kumlisha kwa kitambaa. Wewe ni fundi kuliko mimi. Siri yako nimeifungia ndani ya sanduku la nguo.

Huyo bibi Mbula usimsikilize. Wazee wengine wakikosa wa kugombana naye wanagombana na watoto. Akipiga kelele wewe kaa tu, mwelekeze Bwana Pembe upande wake amtolee macho. Na hivyo vijidudu vya miguu ni kodi ya mlinzi, mlipe ukanyamaze.

Usimwache Bwana Pembe peke yake. Hata mvua za Aprili zikianza, kukiwa na ukavu kidogo jioni, nenda.

Mjomba


Kanyangi, 2 Julai 1978

Kwa ndugu yangu Muthama,

Pokea salamu. Mdogo wake Kavata, Ndolo, ni mzima, anatimiza miaka mitatu na anakula kama lori. Mimi niko tu.

Kavata hayuko sawa. Homa ilianza Mei. Dispensari wakampa dawa ya malaria, ikapungua, ikarudi. Wakampa nyingine. Sasa amekonda, shingo imekuwa nyembamba, lakini tumbo limefura upande wa kushoto, ukiligusa ni gumu kama kibao. Ngozi yake imekuwa nyeusi nisivyoizoea. Shuleni haendi.

Lakini jioni lazima nimbebe nimpeleke kwa yule mnyama wako. Nikikataa analia mpaka anatapika. Basi nambeba, namfunika shuka, anakaa pale anamnong'onezea. Muthama, nakushukuru kwa hilo. Ni mahali pekee anapocheka.

Jana Mbula aliingia hapa bila hodi. Ati ugonjwa umetoka kwenye kichuguu, ati nimtoe mtoto, ati wanawe watatu waliisha hivyo hivyo kabla ya Uhuru, akabaki na Jonah peke yake. Nilimfukuza. Mtu anakuja kwa mgonjwa kumtajia makaburi! Sisi watu wa milimani hatujazoea maneno kama hayo, na mume wangu ambaye angejua kumjibu hayuko.

Wiki ijayo nampeleka hospitali kubwa. Tuombee.

Dada yako,
Kasyoka


Hospitalini, 20 Agosti 1978

Mjomba,

Muuguzi ndiye amenipa karatasi. Nadungwa sindano kila siku, zitakuwa thelathini, nimefika ya kumi na moja. Silii. Nalia kidogo.

Kitanda cha kando kuna msichana anaitwa Ijabo, baba yake anauza ng'ombe, ana tumbo kama langu. Nimemwambia habari za Bwana Pembe, anataka wake.

Nafikiri Bwana Pembe ana njaa. Mama alipokuja Jumapili nilimwambia Ndolo awe anakaa naye jioni badala yangu. Ndolo hajui kuongea vizuri lakini anaweza kukaa. Nimefanya vizuri?

Kavata


Kikima, 1 Oktoba 1978

Dada yangu Kasyoka,

Nilifika salama. Tangu tumzike Kavata Jumamosi ile sijashika chombo cha kuchongea, na Bwana Ishida amenipa siku za kupumzika bila mimi kuomba. Sina la kukuambia linaloweza kukusaidia. Nilimpenda kama mwanangu.

Kuna jambo moja. Nilipopita hospitalini kuchukua blanketi lake kama ulivyonituma, nilizungumza na tabibu mmoja pale, Nzomo, kijana wa kwetu Mbooni. Tulizungumza tu. Nakuomba, ukipata barua hii, wachukue vijana wakibomoe kile kichuguu cha thome. Wakichimbe mpaka chini, wakichome. Na Ndolo asikanyage pale tena jioni, hata kidogo. Usiniulize kwa nini. Nifanyie tu, mwana wa mwaitu, mtoto wa mama yangu.

Nitakuja Desemba tuzungumze.

Ndugu yako,
Muthama


Kanyangi, 15 Oktoba 1978

Kwa Muthama,

Nimefanya ulivyosema, na sasa nimejua kwa nini hukutaka kuandika neno lenyewe kwenye karatasi.

Vijana walichimba siku mbili. Chini ya kile kichuguu, ndani ya mashimo, walitoa vitambaa vyekundu. Nilihesabu kumi na tisa, vingine mchwa wamevila nusu. Muthama, ndani yake mna nywele zangu. Mna kifungo cha shati la Musembi, lile la bluu alilokuwa akienda nalo machimboni. Mna jino la Kavata! Nilianguka pale pale.

Nani anapita kando ya kichuguu kila jioni? Nani alimwambia mtoto mbele ya watu kwamba kitamuua? Nani alijua ugonjwa kabla ya daktari? Alianza na mume wangu, akaja kwa mtoto, na nywele zilikuwa za kwangu, kwa hiyo aliyebaki ni mimi.

Ukoo utakaa Jumamosi tarehe 28. Nitavipeleka vile vitambaa wavione kwa macho yao. Mbula amenitumia mtu kusema hajui kitu, anaomba aje tuzungumze kama wanawake waliozika. Sitaki kumwona.

Wewe uliona mbali. Kama si barua yako tungekuwa bado tunamwamkia.

Kasyoka


Kikima, 21 Oktoba 1978

Dada Kasyoka,

Usikimbilie. Nakuomba sana usikimbilie. Vitambaa vinaweza kuwekwa na mtu yeyote, hata mtoto anaweza kucheza. Yule mzee ni mwanamke wa miaka sabini. Mwambie mwenyekiti wa ukoo aahirishe mpaka nije Desemba, kuna maelezo nitayatoa mwenyewe kwa mdomo. Si mambo ya barua.

Umempeleka Ndolo apimwe? Mpeleke kwanza. Hayo mengine yangoje.

Muthama


Kikima, 9 Novemba 1978

Kasyoka, mwana wa mwaitu,

Hii ni barua ya sita. Tano nimezichoma. Nitaandika haraka kabla sijaogopa tena.

Vitambaa ni vya Kavata. Alivifunga kwa mikono yake. Mimi nilimwambia yule mnyama anakula hofu, na yeye kwa akili yake akaona aweke kila hofu ndani ya kitu. Kifungo ni hofu ya baba yake. Nywele zako ni hofu ya kukupoteza wewe. Kimoja ni hofu ya Mbula mwenyewe. Aliniandikia yote Februari, akaniomba iwe siri. Barua ninayo hapa.

Na Nzomo wa hospitali aliniuliza swali moja tu. "Kwenu kuna kichuguu mtoto anapokaa jioni?" Akanieleza. Kuna vijinzi vidogo visivyolia, vinakaa ndani ya mashimo ya vichuguu, jua likitua vinatoka kuuma. Ndivyo vinavyoleta ule ugonjwa wa tumbo. Huku kwetu kwenye baridi havipo ndiyo maana mimi na wewe hatukujua. Watu wa huko wanajua tangu ile miaka watoto walipoisha. Mbula alijua. Alikuwa anamwokoa Kavata, na mimi nikamwandikia mtoto asimsikilize. Nilimwambia akae. Nilimwambia asikose hata jioni moja. Aliponiambia vijidudu vinamuuma miguu nilifanya mzaha.

Nilijua haya yote siku ile nimebeba blanketi lake. Nilipokuandikia ubomoe kichuguu nilijua. Nilipokuandikia tarehe 21 nilikuwa na barua ya Kavata mezani, na bado nikaandika "mtoto anaweza kucheza" kama mtu asiyejua. Niliogopa utakavyonitazama. Hakuna sababu nyingine, Kasyoka. Niliogopa tu.

Mwonyeshe mwenyekiti barua hii. Mwonyeshe kila mtu. Mwambie Mbula nitakuja kupiga magoti mbele yake.

Muthama


Kanyangi, 17 Novemba 1978

Muthama,

Mtoto wa jirani ndiye aliyeniletea barua yako kutoka dukani, Jumanne. Nilikuwa naosha sufuria. Niliisoma nimesimama, nikamaliza kuosha sufuria, halafu nikaisoma tena.

Mbula hayuko. Kwenye kikao cha tarehe 28 mimi ndiye niliyefungua vile vitambaa kimoja kimoja mbele ya watu. Mwenyekiti aliuliza kama kuna mtu wa kusema jambo kabla ukoo haujatoa neno. Barua yako ya tarehe 21 nilikuwa nimeipata jana yake, ilikuwa ndani ya kifua changu hapa, na nilisema hakuna. Nilidhani wewe ni mwanamume wa mbali anayeogopa kesi. Hukuwa umeniambia kitu cha kushika.

Jumamosi iliyofuata vijana walikwenda kwake mchana, watu wakiwa sokoni. Waliwasha paa. Wanasema walitaka aondoke tu, na kweli alitoka. Halafu akarudi ndani kwa sababu wana-mbuzi walikuwa wamefungwa humo. Alitoa wawili, akarudi tena, hakutoka. Nilikuwa kwenye ua wangu, Muthama. Nilikuwa naona. Nilisema moyoni, na auonje uchungu wangu.

Polisi walichukua vijana wanne. Wa kwanza ni yule aliyechimba kichuguu kwa sababu mimi nilimwomba.

Umeniandikia uliogopa nitakavyokutazama. Sasa nikwambie ningekutazamaje. Ningekutukana. Ningekaa mwaka mzima bila kukujibu. Halafu ungekuja na yale maneno yako ya kijinga, mimi ningekuwekea chakula, kwa sababu nani mwingine ninaye? Hilo ndilo ulilokuwa unalikimbia. Umelikimbia ukaniacha mimi mahali ambapo hakuna mtu wa kuniwekea chakula.

Ndolo nimempeleka. Damu yake haijaonyesha kitu, wanasema nimrudishe baada ya miezi mitatu.

Jana nimekwenda kituoni nikawaambia yote. Afisa aliandika ukurasa mmoja akaniambia nirudi nyumbani ningoje kuitwa. Kwa hiyo nangoja.

Jonah wa Mbula amefika kutoka Mombasa. Tangu Jumatano amekaa kwenye majivu ya nyumba ya mama yake, juu ya debe. Wana-mbuzi wale wawili wanamzunguka miguuni. Leo asubuhi nilimpelekea uji. Aliutazama, hakuutaka. Akaniuliza kwa upole kabisa, "Mama yangu alimkosea nini mtoto wako?"

Nimemwambia kuna mtu anayejua jibu, anakuja kutoka Kikima. Usingoje Desemba. Yuko pale nje sasa hivi ninapoandika, na anatazama barabara.

Kasyoka